Jiko Ndani ya Blanketi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mionzi ya Mama, mara ya kumi leo. Zimebaki kumi na tano. Nimechoka hoi.

Saa kumi na moja alfajiri nimewasha jiko, nimemfukiza Mama, nimemwogesha, nimemvisha, tukatoka. Tumefika hospitali saa mbili. Mashine mbovu! Tumekaa mpaka saa saba. Kuchomwa kwenyewe kwa hiyo mionzi ni dakika chache tu, halafu unaambiwa haya, kesho tena. Uvimbe uko kwenye mlango wa kizazi, hauonekani, lakini siku zetu zote umezila.

Ruth wa nyumba ya pili ametukuta tukishuka kwenye tuktuk. Amesema Mama ana bahati, amezaa tabibu. Nimefurahi, siwezi kukana. Hapa Junda wengi wanajua kufukiza, lakini wao huingiza chungu peke yake chini ya shuka, kinapoa mtu hajatoka hata jasho. Mimi nafuata ya bibi yangu: chungu kinabaki juu ya jiko, na jiko lenyewe na makaa yake linaingia ndani ya blanketi. Mvuke haupoi. Wakati wa korona watu walipanga foleni uani kwangu. Wakilalamika kichwa kinawagonga baadaye, nawaambia ndio ugonjwa unatoka.

Jumatano, 5 Machi

Nesi ameuliza kama nyumbani kuna anayevuta sigara. Nikasema hakuna, sisi watu wa kanisa! Dawa za kienyeji za kunywa? Hakuna. Kweli hakuna, Mama hanywi kitu. Akaandika, akapita kwa mwingine.

Mama hali. Anasema chakula kina ladha ya msumari. Lakini akiwa kwenye mafusho huimba, polepole, nyimbo za kwaya. Anasema humo ndimo mwili unamomsahau kidogo. Kwa hilo naamka saa kumi na moja bila kunung'unika. Sawa, nanung'unika, lakini naamka.

Ijumaa, 7 Machi

Damu ya Mama imeshuka. Nane nukta sita. Wanataka ipite kumi.

Daktari Mwende ni msichana mdogo, mtu wa bara, lakini ana subira kuliko mimi. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti cha magurudumu. Nikauliza kwani damu na kuchomwa vinahusiana nini. Akachora duara. Huu ndio uvimbe, akasema. Huku katikati damu haifiki vizuri, kwa hiyo oksijeni ni chache. Mionzi ikipiga penye oksijeni, saratani inakufa. Pasipo na oksijeni inakuwa sugu. Damu ndiyo inayobeba hiyo oksijeni, ndiyo maana hawataki ishuke.

Nikamuuliza habari za video aliyonitumia Lenox, ndugu yangu wa Nairobi, ya maji yaliyotiwa oksijeni. Akacheka kidogo. Ya kunywa haifiki kwenye uvimbe, akasema. Kisha akaongeza: tena ndiyo maana tunauliza habari za sigara. Moshi una sumu inayoingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Hata moshi wa makaa, ukifungiwa ndani.

Hata wa makaa. Alisema huku anatafuta kalamu yake, wala hakuniangalia.

Ilikuwa niseme pale pale. Nikauliza tu, wapi mtu anaweza kutoa damu? Nikaenda nikatoa. Nesi akanisifu, akanipa soda. Nikaiacha mezani.

Jumamosi, 8 Machi

Sikuwasha. Nimemwambia Mama majani yamekwisha. Uongo! Beseni limejaa mkaratusi na mrehani, nimelifunika na gunia nyuma ya choo.

Akasema, "Si uende Kongowea? Watu wa majani hawakosekani kule."

Nikaenda. Nikazunguka sokoni saa nzima bure, mikokoteni ikinipigia kelele nipishe, nikarudi na vitunguu.

Jumapili, 9 Machi

Lenox amepiga. Amepata anayeuza yale maji, anataka kutuma katoni. Nikamweleza alivyosema daktari. Ati madaktari wanatuficha! Nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimtukane. Nikakumbuka. Yeye na maji yake hajamdhuru mtu. Nikamwambia atume.

Ruth amekuja na kifua chake, anataka kufukizwa. Nimemwambia nimeacha. Kwa nini? Mgongo, nikasema. Akanipa pole. Aibu imenishika mpaka masikio.

Jumanne, 11 Machi

Mama amewekewa damu jana. Macho yamepata rangi kidogo. Asubuhi nikajaribu chungu peke yake, jiko likabaki uani. Dakika nne tu kikapoa.

"Haya ni maji ya chai," akasema. Akageukia ukuta. Uji amekataa. Baadaye, bila kugeuka: "Umenichoka, mwanangu. Sema tu."

Imeniuma! Nimchoke mimi? Nimechoka na kila kitu isipokuwa yeye. Ningemwambia pale pale ikawa basi. Lakini kumwambia ni kumwambia na zile siku kumi na nne. Kila siku ya kuchomwa nilimfukiza kwanza, kwa mkono wangu, nikabana pindo zote za blanketi, nikampeleka kwenye mashine damu yake imejaa moshi. Daktari sijamuuliza kama zile siku zimeharibika. Naogopa atanijibu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko utakuwa mbaya.

Tumerudi saa nane mchana. Nimemlaza, nimeenda kuchota maji. Foleni ndefu. Narudi, mlango umefungwa, harufu ya mkaratusi inanipokea uani. Amelipata beseni. Amewasha jiko mwenyewe! Mtu ambaye wiki mbili hajabeba kikombe. Amekaa kwenye kigoda, blanketi mpaka kichwani, anaimba.

Akasikia mlango. "Nibane hapo nyuma, mwanangu. Hewa inaingia."

Nikalivuta blanketi lote. Jiko nimelibeba kwa mikono mitupu mpaka uani, vidole viwili vimeungua. Kisha nikapiga magoti pale chini nikamwambia. Duara la daktari, damu, moshi, majani niliyoficha, vyote. Nililia kama mtoto. Nilingojea anifukuze.

Alijifuta jasho usoni. Kisha akauliza kama daktari anajua.

Nikasema hajui.

"Haya," akasema. "Kesho nitamwambia mimi. Nitasema nilikuwa najiwashia mwenyewe, wewe umelala."

"Mama, hapana."

"Mimi mgonjwa, tena mzee. Nani atanigombeza? Wewe watu wanakuja kwako kutibiwa."

Ilikuwa nikatae mara ya pili. Nilijua kabisa. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuona Daktari Mwende akiweka kalamu chini na kuniangalia. Nikasema, "Haya, Mama." Na nafuu ikanishuka mwili mzima, Mungu anisamehe.

Sasa amekaa kitandani anakunywa uji. Kikombe cha pili! Mwenyewe anashika. Mimi nimekaa mlangoni na daftari hili, vidole ndani ya maji ya baridi, naandika kwa mkono mwingine.

Ameniita sasa hivi. Abee, Mama. Anataka kujua jiko nilikuwa naliwasha saa ngapi, na makaa mangapi, asije akakosea kesho mbele ya daktari.

Saa kumi na moja, nimemwambia.