Mahari ya Mshambuliaji

Jumatatu, 7 Juni

Nimepiga chapa tangu asubuhi. Utepe wa mashine umechakaa, herufi zinatoka hafifu, mkuu wa ofisi anasema tuvumilie mpaka bajeti. Lakini mchana hakuna aliyetaja bajeti. Ofisi nzima ni mpira. Jumamosi inakuja ile timu kubwa ya Dar, na kiingilio kimepandishwa kutoka mia mbili hadi mia tano. Jukwaa kuu, elfu moja na mia tano. Mzee wa masijala ameapa haendi, afadhali anunue nyama. Nikamwambia mshambuliaji mwenyewe wa timu yetu analala chumbani kwangu hapa mtaa wa Kikuyu, nyuma ya pazia, na ugali wangu anakula bure. Wakacheka.

Yona ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama. Miaka ishirini na moja, na bado ukimtuma dukani anapiga danadana njia nzima.

Jumamosi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi. Nilidhani mia tano itawafukuza watu. Saa sita mchana foleni ilishafika barabarani. Watu wa Mkonze, kijijini kwetu, wamekuja kwa miguu. Wengine wameuza kuku jana, nasikia. Mzee wa masijala nimemwona, tena jukwaa kuu, akajifanya hajaniona.

Sijawahi kuona watu wengi hivyo mahali pamoja. Wote wamelipa. Wamelipa ili wamwone Yona akikimbia. 

Amesawazisha dakika za mwisho. Uwanja ulinguruma mpaka nikaziba masikio. Ni yule yule niliyekuwa namwogesha kwenye beseni.

Jumapili, 13 Juni

Nimetoka ibadani nikakuta gari jeupe limeziba uchochoro. Wageni wawili wa ile klabu ya Dar, na kocha wetu akiwaonyesha njia. Wanamtaka Yona. Na klabu yetu wameshamalizana, imebaki familia. Mmoja wao, mweka hazina, akanitajia kiasi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikakaa kitandani. Nikipiga chapa mpaka nizeeke sizifikii fedha hizo.

Tukaenda Mkonze moja kwa moja, Yona naye. Baba alikuwa zizini. Akawapa mbukwenyi, salamu yetu, kwa mikono miwili, akawaletea karanga na viti vyote viwili vya nyumba. Mweka hazina akaweka mkoba mezani, akaufungua. Noti mpya, bado zina karatasi za benki. Mama akafunika mdomo kwa khanga. 

Baba hakuzitazama. Akauliza mshenga wao ni nani.

Walidhani anatania. Hatanii. Mtoto anayekwenda kuishi na kutumika kwa watu wengine huombwa, akasema, na wajomba zake wakiwepo. Waende, warudi na mshenga. Akaufunga mkoba mwenyewe, taratibu, akawarudishia.

Nimeona aibu, sijui nijifiche wapi. Tuliporudi, Yona aliteremka kabla gari halijasimama.

Jumanne, 15 Juni

Nimelia chooni, ofisini. Mweka hazina alipiga simu. Wana mshambuliaji mwingine Morogoro, anataka nusu ya hizo, na baba yake hataki mshenga. Watakaa hotelini mpaka Alhamisi, basi.

Baba atatuharibia. Hajawahi kukanyaga uwanjani hata siku moja, leo anaamua mambo ya mpira. Siku hizi kila kitu ruksa, watu wanauza na kununua, yeye bado yuko kwenye mahari. Yona si msichana. Na hapa ofisini wanasema watapunguza watu. Nina hasira naye sijapata kuwa nazo.

Kocha amekubali kuwa mshenga. Mhaya, mila zetu hajui hata moja. Nimemfundisha barazani wakati wa chai. Usikae kabla ya wajomba. Usianze na fedha. Pombe ukipewa, kunywa. Akayakariri kama mtoto wa shule.

Alhamisi, 17 Juni

Sitaki kusahau hata kidogo.

Wajomba walikuja Mkonze wote wanne. Kocha alifanya vizuri, ila pombe ya uwele ilimpalia. Blanketi la bibi likakubaliwa. Jembe likakubaliwa. Mbuzi alikosekana, mweka hazina akatumwa kumtafuta, akarudi anamvuta kwa kamba, suti yote vumbi. Sehemu ya fedha ikageuzwa ng'ombe, na mjomba mkubwa akachukua fungu lake. Jua likawa linashuka. Nilikuwa nahesabu maneno tu, yaishe, watie sahihi.

Ndipo baba akauliza fedha zote hizi watazirudishaje. Mweka hazina akamweleza kiingilio. Jumamosi mia tano kila kichwa, na Dar ni zaidi, na kitapanda tena.  Baba alikuwa hajui. Miaka yote hii alidhani watu wanaingia tu, kama ngomani.

"Watu wanalipa kumtazama Yona akikimbia," akasema. "Mimi nimemtazama bure, akikimbiza ndama."

Wajomba wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ng'ombe anayekamuliwa na watu wengi hana mwenyewe siku ya kuugua. Mguu wake ukivunjika, atarudishwa na nani, na mpaka wapi?"

 Wale wageni wakatazamana. Mkataba wao una kurasa nne. Hauna neno moja la kuumia.

Nami nikayatambua maneno yale. Niliyasikia nyuma ya mlango wa nyumba hiyohiyo nikiwa na miaka kumi na tisa, baba akiwaambia ndugu wa mume wangu. Mkimchoka msimpige, msimwache njiani, mleteni mpaka mlangoni kwangu. Na kweli nililetwa. Ndoa ilipovunjika, shemeji zangu wawili walinileta mchana kweupe, mzima, na sanduku langu. Rafiki yangu aliyeolewa mwaka ule kwa haraka haraka, bila mshenga, hakuwa na wa kumleta. Alikuja kufia kwa watu. Siku zote nilisema baba aliniuza. Leo nimemtazama, ana vumbi la zizi miguuni, watu wa Dar wanasubiri aseme, na nimemwogopa kama mtu anavyoogopa kanisani.

Waliomba mpaka kesho waongeze ukurasa. Hakuna aliyetaja Morogoro.

Ijumaa, 18 Juni

Ukurasa wa tano nimeupiga mimi, baada ya kazi. Akiumia, klabu itamtibu. Itamlisha mpaka apone. Asipopona, itamrudisha kwa gari mpaka mlangoni kwa baba yake, Mkonze. Baba akataka na mstari wa mwisho, ng'ombe hawarudi. Nikauandika hivyo hivyo.

Mweka hazina alipoufikia mstari huo alicheka, kisha akatia sahihi. Akasema amesajili vijana wengi, na hakuna mzazi aliyewahi kumuuliza vile. Alisema kwa sauti ya chini. Baba akaweka dole gumba.

Jumapili, 20 Juni

Yona ameondoka. Shangazi zetu wamemsindikiza kwa nyimbo za harusi mpaka mlango wa gari, maana za kumuaga mchezaji hawana. Watoto wa Mkonze wakakimbia nyuma ya vumbi. Yona alianza kwa kuona haya, akamaliza kwa kulia. Baba alishika mkono wa mweka hazina muda mrefu.

Nimetoa pazia. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla na sikipendi.

Jumamosi, 10 Julai

Baba amekuja mjini kwa miguu kusikiliza redio. Nimemwekea kiti karibu. Mechi ya kwanza ya Yona kwenye uwanja wa klabu yake mpya, Dar. Mtangazaji anasema kiingilio ni elfu moja na uwanja umefurika, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Nikajaribu kuwaza elfu moja mara watu wote wale. Nikashindwa, nikaacha.

Sauti ya watu ilikuwa inakuja na kuondoka. Baba hakuuliza nani anaongoza. Kila jina la Yona likitajwa, alinigeukia. Kipindi cha pili Yona akaangushwa. Mtangazaji akanyamaza kidogo. Baba akashika magoti yangu, ndiyo mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima.

"Amesimama?"

Nikasubiri. Kisha nikamwambia amesimama.

Timu yake imefungwa mbili bila. Baba aliuliza mara moja tena, mwishoni kabisa, kama bado amesimama. Nikamwambia ndiyo, wanatoka uwanjani, anatembea mwenyewe. Akanywa chai yake iliyopoa, akachukua fimbo, akaenda kufungia ng'ombe.