Rangi Niliyomsomea Baba

Kwako Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na yule mtundu wenu aliyeng'oka meno ya mbele. Sisi tu wazima. Goti linamsumbua Mama, ila ulimi haujambo. Juzi amemgombeza fundi bomba mpaka akaondoka bila spana zake.

Nimefurahi kusikia umenunua tangi la samaki, na nimecheka uliposema muuza duka amekuvuruga kichwa kwa vipimo vya maji. Umeuliza Baba alitumia kipi. Vile vya karatasi ni vyepesi: unachovya, unalinganisha rangi, basi. Baba hakuvitaka. Alisema kopo likiingia unyevu karatasi zinaanza kudanganya, na nyingi hazipimi amonia, ambayo ndiyo inayoua samaki kimyakimya. Alikuwa fundi saa, unamjua. Alitaka cha matone: unajaza kichupa hadi kwenye mstari, unadondosha matone kwa idadi yake, unatikisa, unasubiri dakika tano kamili. Maji yakiwa njano, salama. Yakigeuka kijani, unabadilisha maji siku hiyohiyo. Nunua cha matone.

Ila mwishoni umeandika kwamba unataka kipimo cha uhakika usije ukaua tena. Nimeusoma mstari huo nikakaa chini jikoni kukuandikia haya.

Tangi la Baba bado liko sebuleni, tupu. Pampu nilishaichomoa, lakini mchana nikiwa peke yangu naisikia ikinguruma, kisha namsikia yeye kutoka kwenye kiti chake akiniuliza, rangi gani, mama? Na mimi najibu. Mama alinikuta najibu, akauliza naongea na nani. Nikamwambia naimba. Naogopa kukaa katika nyumba niliyozaliwa.

Unakumbuka mwaka ule wa mwisho mtoto wa jicho alimfanya Baba aone kila kitu njano, hata kuta. Hakuyaamini tena macho yake. Matone aliyahesabu mwenyewe kwa sauti, kisha ananikabidhi kichupa nimsomee rangi. Ndipo ukamletea wale samaki wawili wenye milia. Haikupita wiki mbili wakaanza kufa, wako na wake. Baba akasema wageni wamekuja na ugonjwa, maana maji yake yalikuwa safi, ameyapima kila Jumamosi. Akakupigia kukuambia hivyo, na baada ya hapo hakupokea simu zako. Umebeba hilo mpaka leo, kwamba amekufa amekununia.

Kaka, maji hayakuwa safi. Jumamosi ya kwanza baada ya wewe kuondoka kichupa kilikuwa kijani, kijani kisichohitaji miwani. Nilikuwa nimetoka kazini hoi, na kubadilisha maji kulikuwa ndoo kumi na mbili kutoka bomba la uani. Nikamwambia njano. Jumamosi iliyofuata kijani kilikuwa kimekolea, nikaogopa kwamba nikisema kweli ataniuliza kimeanza lini. Nikasema njano tena. Wiki tano nilisema njano. Samaki wako hawakuwa na ugonjwa wowote. Niliwaua mimi, na hasira yake kwako nikaiacha, kwa sababu ilinisitiri.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloninyima raha kuliko samaki. Siku mbili kabla hajafariki, pale hospitali, Baba aliniuliza kama umepiga simu. Ulikuwa umepiga asubuhi ileile, mara mbili. Nilijua mkizungumza mtafika kwenye maji. Nikamwambia hujapiga. Akasema basi, ukipiga nimwamshe, hata kama amelala.

Mama nitamwambia mwenyewe leo, kabla sijaipeleka barua hii posta. Msalimie wifi, na mtundu mbusu kwenye pengo lake. Ukitaka kunijibu nijibu, ukinyamaza nitakuwa nimeelewa.

Ni mimi mdogo wako.