Siku Atieno Alipokataa Kuimba

Nyakwara Achieng, mjukuu wangu,

Hapa Kondele tu wazima, na mama yako amerudi salama kutoka Bondo. Unauliza kama uache kazi ya studio huko London, kwa sababu mitambo wanashika wazungu tu na wewe unabebeshwa nyaya.

Nilipokuwa kijana, niliomba kushika mitambo nirekodi wimbo, na mzungu mwenye studio nilikofanya kazi akaniambia, "Ouma, mitambo si ya Mwafrika." Atieno, mwimbaji wetu, akaweka maikrofoni chini.

"Kama Ouma harekodi, mimi siimbi."

Tulifukuzwa wote wawili, na wimbo wake haujarekodiwa mpaka leo. Nililia njiani. Yeye alinishika mkono tu.

Sitakuamulia, mama. Sura ya yule mzungu nimeisahau, lakini mkono ule siusahau. Niambie, huko uko na nani?

Babu yako,
Ouma