Majibu Niliyompa Semeki Clarisse

Jumatatu, 3 Juni

Itangazwe kwa Bunia yote, mpaka kule Kpandroma: mimi Fiacre, mshona viatu, nimekuwa na upara wa upande mmoja! Juzi daktari alinyoa nusu ya kuume, akafungua mfupa, akafunga mshipa uliovimba na kupasuka ndani ya kichwa. Sawa. Lakini ile nusu ingine ya nywele amemwachia nani?

Jumanne, 4 Juni

Daktari amepita. Ati mishipa ya ubongo bado ina hasira ya ile damu iliyomwagika. Siku hizi inaweza kujibana, na mtu anapooza. Ndiyo maana vidonge usiku na mchana, serumu ikidondoka mshipani bila kupumzika, na maulizo: jina? uko wapi? nyanyua mikono! Ukikosea, wanakimbia kupandisha tension, ile presha ya damu, ili damu ipite.

Na muulizaji ni nani? Infirmière Clarisse, muuguzi wetu, mdogo wa bibi yangu wa ndoa, Sandrine. Semeki wangu, shemeji kabisa! Huyo nimjibu ukweli? Mila inakataa: semeki ni wa kutaniwa.

Jumatano, 5 Juni

— Jina yako?
— Askofu.
— Uko wapi?
— Kwa harusi yako, semeki. Bwana amekimbia.

Chumba chote kilicheka. Muzee wa kitanda cha pili alishika mshono wake, machozi yanatoka. Mikono? Nikanyanyua moja, ule mwingine nikauficha chini ya shuka. Clarisse akanipiga na taulo.

— Weye! Kichwa walifungua bure, ujinga haikutoka!

Akaandika: sawa.

Alhamisi, 6 Juni

Sandrine amekasirika. Ati siku nikiharibika kweli, nani atajua? Amenilisha sombe, majani ya muhogo. Nimeahidi kuacha. Kesho.

Ijumaa, 7 Juni

Kichwa kizito. Usingizi. Sombe haina ladha.

Nimejibu vizuri! Fiacre. Bunia, hospitali. Clarisse akashangaa — ati leo ndiyo nimegonjwa? Mikono: nikanyanyua yote mbili.

— Semeki, ule wa kushoto toa chini ya shuka.
— Iko juu!
— Juu ya nini?

Akacheka, akaenda kwa muzee.

Sandrine hakucheka. Alifunua shuka, akamwita mdogo wake kwa sauti ya matanga. Sasa viatu vinakimbia, wanavuta mashine ya tension.

Mimi naandika. Daftari inateleza. Nimeambia mkono wa kushoto uishike.

Haushiki.