Somo Wangu Marta Amenifunga Jikoni

Bi Tahiya, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo la kujutia, na nakuandikia wewe Mwislamu kwa makusudi, kwa sababu washauri wa kanisani kwetu wote wanakula meza moja na huyo ninayemlalamikia.

Mimi ni Mkatoliki, naishi Chukwani, jina langu la ubatizo ni Marta, na jumuiya yetu ndogo ya hapa mtaani nayo somo wake ni Mtakatifu Marta, yule aliyekuwa akihangaika na mapishi Yesu alipowatembelea huku dada yake Maria amekaa anasikiliza, basi hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, kwani kila mwaka sikukuu yake ikifika mwisho wa Julai mwenyekiti wetu, Mama Prisila, hunikabidhi sufuria, husema mwenye jina ndiye mpishi, wenzangu wanacheka, nami nacheka, na miaka saba sasa napika pilau ya watu themanini huku wao wanapiga vigelegele na kupigwa picha na padri.

Mwaka jana sherehe ilisogezwa Jumapili, na Jumapili hiyo hiyo binti yangu Skolastika, mwenye miaka kumi, alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza kanisani mjini, nikamwambia Mama Prisila safari hii siwezi, akasema we washa moto tu, saa tatu nitakuletea mtu wa kukupokea, mtoto nitamchukua mimi kwenye gari, nikawasha, saa tatu ikafika, mtu hakuja, nikapiga simu haikupokewa, mume wangu yuko zamu bandarini Malindi, nami nimeshika upawa nachungulia njia mpaka misa ikaisha. Waliporudi nikaambiwa Mama Prisila ndiye aliyesimama nyuma ya mwanangu, mahali pa mzazi, kavaa kitenge kipya. Skolastika akaja jikoni na gauni lake jeupe akanambia, “Mama, nlikuwa nnakutafuta, padri akasema Mwili wa Kristo, mie nikasahau kujibu Amina.”

Tangu siku hiyo nina hasira nisiyojua niiweke wapi. Picha ya Mtakatifu Marta nimeitoa ukutani nimeisukuma nyuma ya gunia la makaa, sisali kwake tena, namchukia, Bi Tahiya, namchukia mtakatifu. Nataka kutoka kwenye jumuiya, lakini mwanangu mchanga hajabatizwa, fomu inataka saini ya Mama Prisila, naye keshatangaza kuwa mwaka huu nisipopika nisimtafute. Nipike au niondoke?

Marta, Chukwani. Jina liandike, sijali tena.

*

Marahaba, Marta. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika kukushinda wewe.

Dini yako si dini yangu, kwa hiyo sikukurupuka. Nilimpigia simu mzee Apolinari, mwalimu wa katekisimu aliyestaafu, nikamwomba anisimulie huyo Marta ni nani hasa. Kumbe alipoelemewa na kazi hakubaki akinung'unikia moto. Alikwenda kwa mgeni mwenyewe, akamwambia dada yangu ameniachia kazi yote, mwambie aje anisaidie. Na kaka yake Lazaro alipofariki, nyumba imejaa watu wa msiba, Maria amekaa ndani, nani aliyetoka kumpokea Yesu njiani na kumwambia laiti ungekuwapo kaka yangu asingekufa? Huyo huyo Marta. Sasa mwanamke mwenye ulimi kama huo ndiye anayetumiwa kukunyamazisha wewe? Tena mzee ameniambia siku hizi kalenda yenu imewaweka siku moja wote watatu. Basi na akina Maria na akina Lazaro wa Chukwani waje wamenye vitunguu.

Mama Prisila amekukosea, tena vibaya. Kusimama mahali pa mzazi aliye hai, ambaye yeye mwenyewe amemwacha motoni kwa ahadi ya uongo, ni ufedhuli. Hiyo fomu ipeleke ofisini kwa paroko, umweleze yote kwa utulivu. Mtoto habatizwi kwa pilau. Wala usitoke kwenye jumuiya, usimwachie uwanja. Siku mkikutana simama mbele ya wote useme: miaka saba nimepika, mwaka huu sipiki, pangeni zamu. Wakicheka, wewe usicheke. Kucheka kwako ndiko kulikomlea.

Sasa nakugeukia wewe. Saa tatu mtu hakuja. Saa tatu na nusu ulikuwa umeshajua kuwa haji. Gari za mjini zinapita hapo barabarani. Pilau ingeungua? Na iungue. Watu themanini wangekula mkate na chai na asife hata mmoja. Wewe ulichagua sufuria kwa kuogopa kusemwa, kisha hasira ukamtupia mtakatifu kwa kuwa picha haijibu. Umeniandikia ukurasa mzima, na hakuna mahali uliposema kuwa umemwomba mwanao radhi.

Mwite leo. Mama Prisila usimtaje hata kidogo. Mwambie, “Ningeweza kuja, sikuja, nisamehe.” Akinuna, kaa hapo hapo. Na akikuuliza kwa nini hukuja, mpe ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba uliwaogopa watu kuliko ulivyomtaka yeye asikukose.