Mnazi wa Kufungulia Mkutano

Muyeye, Malindi
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi barazani na goti limepoa, si kitandani umelifunga kanga. Yale mafuta ya habasoda niliyompa ami Shee yalikufikia, au ameyasahau Lamu kama ilivyo kawaida yake? Mimi kwa afya sijambo. Kwa moyo nimekasirika, mama, na nimeona nikuandikie nikiwa na hasira zangu hivi hivi, maana nikipoa nitakuficha.

Ami aliniletea maneno yako. Watu wa Kizingitini wanauliza binti yako anafuata nini mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, na kama kazi imekwisha mbona harudi. Nitakujibu yote mawili.

Kazi yenyewe unaijua nusu. Asubuhi nilikuwa napika uji wa mtama kwa sufuria kubwa, tunaupakia kwenye tuktuk mimi na muuguzi wetu Dama, tunawafuata walevi kule waliko, kuanzia hapa Muyeye hadi Ganda. Hatuwahubirii. Mtu anakunywa uji, Dama anamwosha kidonda, tunazungumza habari za mvua. Siku akisema mwenyewe kuwa amechoka, tunampeleka hospitali, kwa sababu aliyezoea pombe miaka mingi hawezi kuiacha ghafla peke yake. Mwili hutetemeka, hushikwa na kifafa, na wengine hufa. Watu hawalijui hili, wanadhani ni kukosa haya tu. Fedha za uji, za tuktuk na za kitanda zilitoka kwa wakubwa wa mji.

Kuna mtu mmoja wa Ganda, Kahindi, rika la kaka Athman. Alikuwa mgema, akawa anakunywa alichokigema mpaka hakuweza tena kupanda mnazi. Tulimpelekea uji msimu mzima kabla hajasema amechoka. Alilazwa, akatoka, akaanza kusuka makuti ya kuuza. Ungeiona mikono ile, mama. Mtu aliyekuwa hashiki kikombe bila kumwaga, sasa anashona makuti yamenyooka. Mamake alikuwa akiketi mlangoni anamtazama tu, kama mtu anayemwangalia mtoto mchanga amelala.

Basi wakubwa wakaona kazi isiyopigiwa ngoma si kazi. Wakapanga sherehe huko huko Ganda, na mahema, na viti vya kukodi, na vipaza sauti, na fulana nyeupe zilizoandikwa Malindi Bila Ulevi. Wazee wakaalikwa waibariki. Na kwa Wagiriama, wazee hawafungui maneno mazito bila kadzama, yaani mnazi wa heshima. Ni mila yao na siidharau. Kwetu pia kuna mambo hayafunguliwi bila ubani. Anayeumimina mnazi huo huonja kwanza mbele ya watu, wazee waone kuwa ni salama.

Unajua aliyeitwa kumimina ni nani? Ofisa aliyesimamia sherehe alimshika Kahindi bega, akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu ndiye kijana wetu aliyepona, na leo atawahudumia wazee wake." Aliona ni jambo la kupendeza. Nilisimama nikamwambia mtu huyu asiguse mnazi. Akacheka kidogo, akaniambia mimi mgeni wa visiwani, mila za hapa sizijui, niketi. Kahindi alinitazama, kisha akawatazama wazee. Angekataaje? Kumimina mnazi wa wazee wako na usiuonje, mbele ya kijiji kizima, ni sawa na kusema umeutia sumu. Akaonja. Watu wakapiga makofi.

Jioni ile hakurudi kwao.

Siku ya pili mzee mmoja alikuja kunitafuta, kofia ameivua ameishika mkononi. Hawakujua kuwa kuonja tu kungemrudisha Kahindi kwenye ulevi. "Mngetwambia," alisema. "Angemimina yeyote. Hata mimi ningemimina." Mila yenyewe ilikuwa na nafasi, mama, na hakuna aliyejishughulisha kuwauliza wenye mila.

Nikaenda ofisini. Ofisa akanieleza kwa upole, eti fedha za uji zimeingia kwenye sherehe, na kwa kuwa sherehe ilifana, kazi imehesabiwa kuwa imefanyika. Kisha wakachukua tuktuk. Wakachukua na sufuria, kwa kuwa ina alama yao, wakaifungia stoo. Sufuria! Watapikia nini huko stoo?

Juzi nimemkuta Kahindi mangweni amevaa ile fulana, imegeuka rangi ya udongo, na mikono inaruka tena. Nilikuwa na uji kidogo kwenye chupa ya chai.

"Dada Nuru," aliniambia, "mimi nilionja kwa heshima yao. Sasa wao wako wapi?"

Nilimshikia kikombe akanywa. Dama amesema na wenzake hospitali, nafasi ikipatikana watampokea, ila mpaka hapo ale, asijaribu kuacha peke yake, na asitupotee machoni. Naogopa tukichelewa tutamzika. Amekubali kuja kwa mamake kila asubuhi kama uji utakuwapo, na wenzake nao wameanza kuuliza.

Basi waambie wa Kizingitini kuwa hicho ndicho nikifuatacho mangweni. Kurudi, sirudi kwa sasa. Nimepata kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, sitalala njaa.

Nisalimie kaka Athman na wifi yangu, na shangazi Mwanakombo ambaye hachoki kuniombea dua. Ami Shee msalimie pia, ingawa kwanza umuulize mafuta.

Ombi langu ni moja. Nataka ile sufuria ya pilau ya arusi iliyoko darini. Najua haijawahi kutoka nje ya ukoo, na najua utakavyokunja uso ukilisoma hili. Mpe ami aje nayo. Akiona haya kupanda nayo boti, mwambie anampelekea mama mwenzio. Usijisumbue kuisugua masizi. Mafiga yako tayari, mamake Kahindi ameyapanga mwenyewe mbele ya mlango wake.

Mwanao anayekubusu mikono,
Nuru