Siku Nilipokuhoji Kiwandani

Baba mdogo,

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ofisi moja pale Kirumba, Mwanza, nawaeleza mameneja jinsi kompyuta itakavyopanga kazi za watu wao. Nikainua macho. Ulikuwa umekaa kiti cha nyuma kabisa, kofia mapajani, unanisikiliza. Nikakaa chini katikati ya sentensi. Wakaniletea maji, wakasema ni joto. Joto gani, baba? Ni wewe, na huachi kuja.

Unakumbuka likizo zangu za shule? Mama mdogo alikuwa ananituma kutoka nyumbani Pasiansi nikuletee chakula kiwandani kwenu, mlikokuwa mnakamua mafuta ya mbegu za pamba. Nakukuta ghalani umezamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, umefumba macho. "Hili lina homa," unasema, na wabebaji wanalitoa nje, mbegu zinaanikwa juani. Siku moja ukaushika mkono wangu, ukauingiza humo. "Umesikia?" Nilisikia. Vuguvugu la mbegu zilizopata unyevu nililisikia vizuri sana, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuijua kazi yako.

Halafu ikaja miaka ile ya mashirika ya umma kuuzwa. Nikarudi Mwanza na viatu vya kisigino, mtaalamu wa kampuni ya ushauri wa biashara kutoka Dar, eti nimekuja kuwaonyesha namna ya kuendesha kiwanda. Kompyuta yetu iliingia getini imebebwa na watu wawili, imefunikwa shuka. Jamani, tulivyoringa! Kila mfanyakazi aitwe, aseme anafanya nini kutwa, mimi nichape, kisha mashine itoe orodha ya nani abaki na nani aende.

Ulipoitwa, uliingia na shati lako la kanisani, umelipiga pasi. Bosi wangu alikuwa ameketi pembeni. Niliogopa kwamba akijua wewe ni baba yangu atasema naleta undugu kazini. Wala si hilo tu, ngoja niseme kweli: niliona aibu na kandambili zako. Nikainamisha kichwa, nikauliza, "Jina kamili?"

Ukanitajia herufi kwa herufi, wewe uliyenifundisha kuliandika.

"Unafanya kazi gani hapa, mzee?"

"Aa, mimi nakaa tu ghalani, madam. Naangalia angalia."

Ungesema nini kingine? Mtu mzima wa kwetu hajisifu mbele ya mwanawe. Nami nililijua hilo tangu utotoni, na bado nikachapa: anakaa. Mashine ikakupa alama moja. Orodha ilipotoka, jina lako lilikuwa la kwanza kwa wanaopunguzwa, na mimi nikasifiwa kwa kazi safi.

Masika ya mwaka ule mbegu zilichemka ghalani. Kompyuta ilionyesha magunia yote yapo, kilo zote zipo. Hakuna aliyeiuliza habari za joto, na isingejua. Mafuta yakatoka machungu, aliyekinunua kiwanda akaondoka, milango ikafungwa, na wale tuliowabakiza wakarudi makwao. Wewe kila asubuhi ulikuwa unaamka, unavaa, unakwenda kukaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, unatazama ziwa. Nilikuja mara mbili kukuomba msamaha. Mara zote mbili uliniuliza habari za Dar, nikakupa habari za Dar. Mara ya tatu nilikuja kukuzika.

Kazi yangu ni ile ile bado. Mashine imekuwa ndogo, naibeba mwenyewe. Ila siku hizi mtu akiniambia yeye anakaa tu, naacha kuchapa, namwomba anipeleke akanionyeshe. Wenzangu wanasema nina subira. Subira wapi! Ni woga.

Jana nilimweleza mama mdogo yote. Nilidhani atanifukuza. Akabaki kunishangaa.

"Mbona alituambia siku ile ile? Hata chakula hakugusa kwanza. Alizunguka kwa majirani wote, anatangaza: mwanangu ndiye kanihoji leo! Mtaalamu kwelikweli, hata kunijua hakunijua."

Alikuwa anacheka, baba, kwa jinsi alivyokukumbuka ulivyofurahi. Mimi nikatoka nje.

Nilikujua. Hata kabla hujakaa kwenye kile kiti, nilikujua.

Mwanao uliyemlea